Kawa, Kifuu au Baluni: Hesabu ya Taa Sita za Harusi Kibiti

Mpwa wangu alinionesha picha kwenye simu: mipira ya uzi imening'inia juu ya meza, ndani yake mwanga wa njano, na vivuli vya nyuzi vimetambaa ukuta mzima. “Mjomba, hizi tu. Wanasema zinatengenezwa nyumbani, ni uzi na gundi.” Harusi ilikuwa Kibiti mjini, zimebaki wiki mbili, na kamati ilinitengea Sh 100,000 kwa taa sita, nne za barazani na mbili za chumba cha biharusi. Nilikadiria ni kazi ya jioni mbili. Ilinichukua jioni tisa, na kati ya taa sita zilizowaka usiku ule, ya uzi ilikuwa moja tu.

Naandika hesabu yake hapa kwa sababu nyumba nyingi za huku zinapambwa kwa shughuli: harusi, maulidi, Ramadhani, Idi. Fedha ya mapambo hutoka kwa michango, na michango ni jasho la watu. Bei nitakazozitaja ni zile nilizolipa mwenyewe madukani Kibiti na kwa wasukaji wa jirani. Kwako zinaweza kupanda au kushuka kidogo, ila uwiano wake ndio wa kuushika.

Kwanza ondoa urembo kabisa, ubaki na taa yenyewe. Kila taa, iwe ya uzi au ya dhahabu, inahitaji holda (Sh 1,500), waya mita tatu (Sh 800 kila mita, jumla Sh 2,400), plagi (Sh 1,500) na globu ya LED ya wati 5 (Sh 3,000). Hizo ni Sh 8,400. Mara sita, Sh 50,400. Nusu ya fedha ya kamati ilikuwa imeshakwenda kabla sijagusa gundi. Wanaokuambia taa ya nyumbani inatoka kwa elfu mbili huhesabu uzi peke yake, wanakuachia wewe ugundue waya dukani.

Na hapo kwenye waya na globu ndipo watu hubana matumizi, ilhali ndipo wanapolazimika kukaza roho na kulipa. Waya unaofaa kwa taa ya kuning'inia ni ule laini wa nyuzi nyingi, wa milimita za mraba 0.75. Kabla hujalipa, mwombe mwenye duka akukatie ncha, ukwangue kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Kuna waya zilizopakwa shaba juu tu, ukizikwangua unaona weupe wa alumini, na hizo hukatika zikikunjwa mara chache, halafu hupata joto kwenye maungio. Angalia pia alama ya TBS kwenye holda na plagi. Tofauti ya bei ilikuwa shilingi mia mbili kwa mita.

Globu nayo ina hesabu yake. Mteja wa nyumbani aliye kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh 100 kwa uniti, kwa viwango vya EWURA tulivyovizoea tangu mwaka 2016. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inakuwa Sh 122. Aliye kundi la T1, la matumizi ya kawaida, analipa Sh 292, na pamoja na makato hayo inafika Sh 356. Sasa washa globu ya kizamani ya wati 60 kwa saa tano kila usiku: mwezi mmoja imekula uniti 9. Globu ya LED ya wati 5, kwa saa zilezile, inakula uniti 9 kwa mwaka mzima. Kwa D1 hiyo ni Sh 1,098 kwa mwezi dhidi ya Sh 1,098 kwa mwaka.

Kwa taa sita jambo hili linakuwa zito zaidi. Taa sita za wati 60 zinameza uniti 54 kwa mwezi, karibu robo tatu ya zile 75 za D1, na ukivuka 75 kila uniti inayozidi ni Sh 350 kabla ya makato. Sita za LED zinachukua uniti nne na nusu. Halafu kuna joto. Globu ya kizamani inageuza sehemu kubwa mno ya umeme kuwa joto, na tunachokwenda kuifunika nayo ni uzi, ukindu na majani makavu. Kwa hiyo globu ya kizamani isikaribie kazi hii hata ukipewa bure. Mshumaa na kibatari ndani ya urembo wa majani, hilo hata tusilijadili.

Jambo moja zaidi kuhusu globu, nalo halina gharama: rangi ya mwanga. Madukani zinajaa zenye mwanga mweupe, zimeandikwa 6500K. Kwa kupima nguo zinafaa. Ndani ya ukindu au kifuu zinaua rangi yote, kitu kinaonekana kama kimemwagiwa majivu. Tafuta iliyoandikwa 3000K au 2700K. Bei ni ileile, ila itabidi uzunguke maduka mawili matatu. Na barazani, wakati wa mvua kumbikumbi wanapotoka, mwanga wa njano huita wadudu wachache kuliko mweupe. Wapishi wa harusi walinishukuru kwa hilo kuliko kwa urembo wenyewe.

Sasa mipira ya uzi. Nilinunua roli la uzi wa katani kwa Sh 3,000, gundi nyeupe ya mbao nusu kilo kwa Sh 3,500, baluni kwa Sh 200. Jumla Sh 6,700 kwa mpira mmoja, maana mpira wa kutosha taa unamaliza roli zima. Unapuliza baluni, unaipaka mafuta ya mgando ili gundi isiing'ang'anie, unachovya uzi kwenye gundi na kuuzungusha huku na huku, unauning'iniza ukauke, kisha unaitoboa baluni na kuitoa kwa chini. Kwenye video inachukua dakika nne.

Video haikupigwa Kibiti. Mpira wa kwanza niliuanika uani saa tano asubuhi. Kufika saa nane hewa ya ndani ilipanuka kwa jua, baluni ikapasuka gundi ikiwa bado mbichi, uzi wote ukaanguka chini kama chapati. Wa pili niliukausha ndani kukwepa jua, unyevu wa hewa yetu ukaikawiza gundi siku mbili, baluni ikanywea taratibu na mpira ukabonyea ubavu. Wa tatu niliuanika kivulini, penye upepo, kuanzia alasiri, na baluni sikuijaza sana. Ulisimama. Kwa hiyo huo mmoja mzuri ulinigharimu Sh 20,100. Ukijua hayo tangu mwanzo utalipa Sh 6,700 tu, na nimeyaandika ili ulipe hizo.

Jirani alinishauri niache gundi ya dukani nitumie gundi ya muhogo, unga uliopikwa kwa maji hadi unavuta. Inashika vizuri, na gharama yake haifiki Sh 500. Lakini ni chakula. Mende na sisimizi wanaijua. Kwa usiku mmoja wa harusi inafaa, kwa taa ya kubaki nyumbani usiitumie. Na niseme ukweli: kwa vivuli, mpira wa uzi haujapata mpinzani. Kila ukuta unapata mistari yake, dari nayo. Mpwa wangu hakukosea kuupenda.

Kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari ndiyo taa rahisi kuliko zote, na kwa mtoto wa darasa la sita ni kazi nzuri ya likizo. Shindilia mchanga mbichi ndani kabla ya kugonga msumari, kopo halitabonyea. Mafundi wa vibatari wamekuwa wakigeuza makopo kuwa taa tangu zamani, kwa hiyo hatujabuni jipya. Kasoro yake ni kutu. Kwa Kibiti mjini linaweza kukaa mwaka, kwa vijiji vya ukanda wa chumvi kutu inaanzia kwenye matundu yenyewe ndani ya wiki chache. Na waya ukipita kwenye bati lililochongoka bila kuzungushiwa mpira, ganda lake litakatwa, na kopo zima litakuwa na umeme. Kwa sababu hiyo mimi kopo nililiacha.

Kifuu nacho kimenishinda kukisifia kwa uchache. Katika kila nyumba inayokuna nazi, kifuu hupasuka vipande viwili: kimoja kitupu, kimoja chenye macho matatu. Chukua chenye macho. Kati ya yale matatu, moja ni laini, ndilo linalotoa maji ukilibonyeza kwa kijiti. Hilo ndilo njia ya waya, Mungu ameshakutobolea, wewe unalipanua kidogo tu kwa msumari wa moto. Kifuu kinageuka kofia, macho juu, mdomo chini, holda imekaa ndani.

Kazi kubwa ni kusugua. Nyuzi za kumbi zilizoganda nje huondolewa kwa kukwangua na kigae cha chupa, kama wachonga upawa wanavyofanya, halafu msasa mnene, halafu msasa laini. Nilitumia jioni mbili kwa kifuu kimoja. Mwisho unapaka mafuta ya nazi yenyewe, na hapo kinatoka na weusi wa kahawa na mishipa ambayo hukuiona. Matundu ya pembeni nilitobolewa na fundi seremala kwa keekee, Sh 1,000, na msasa Sh 1,000. Sh 2,000 kwa taa ambayo haiozi, hailiwi na mchwa kirahisi, na chumvi haina habari nayo. Ila ni ndogo. Inafaa kando ya kitanda au juu ya meza ya chai. Ukitaka iangaze baraza utahitaji vifuu kumi, na kila kimoja na waya wake na holda yake, na tumeshaona kwamba waya na holda ndiyo gharama. Vifuu kumi vya bure vinakula Sh 84,000 za vifaa.

Wapo waliojaribu dema ndogo, mtego uleule wa samaki ila umesukwa kwa kipimo cha taa. Inapendeza mno, kila tundu la pembe sita linatoa umbo lake ukutani. Ikisukwa kwa mianzi sina neno. Nisichokubali ni kukatiwa fito za mikoko kwa ajili ya urembo. Msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji una kadiri ya hekta 53,000, mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki, na ni hifadhi: kuvuna kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kamba wadogo na samaki wanakulia kwenye mizizi ile. Taa haistahili gharama hiyo.

Nikaenda kwa bibi mmoja msukaji, nimeshika kawa nililolinunua sokoni na kisu mkononi. Kawa ni lile kofia la kufunikia chakula, kila mtu wa pwani amekulia chini yake. Nilishaona akilini: ukiligeuza mdomo chini juu ya meza, ni kivuli cha taa tayari, limekosa tundu tu.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Kisu cha nini?”

“Nataka kutoboa kichwani, nipitishe waya.”

Alilichukua kawa akaligeuza, akanionesha ncha kwa ukucha wa kidole gumba. “Hapa ndipo ukili ulipoanzia. Ukikata hapa, unafumuka mpaka mdomoni. Nipe huo mdude unaotaka ukae juu.”

Nikampa pete ya plastiki inayokazwa chini ya holda. Aliipima kwa kidole, akachukua ukili aliokuwa ameshausuka, akaukunja kuizunguka na kuushona mzunguko wa kwanza palepale nikimtazama. Mzunguko wa pili akaushona juu ya wa kwanza, akautanua kidogo. Baada ya robo saa nilikuwa naona bega la kawa linatokea, na pete imekaa kichwani kana kwamba imeota. Halina haja ya kukatwa popote. Siku ya kubadilisha holda unafungua pete, unaliondoa kawa, unalipangusa vumbi, unalirudisha.

Nilikaa barazani kwake hadi magharibi. Ukindu wake unatoka kwenye mikindu ya mabondeni, majani machanga yanakatwa kabla hayajafunguka, yanaanikwa mpaka yawe meupe, yanachemshwa na rangi, kisha yanachanwa kwa ukucha au sindano kuwa nyuzi za upana mmoja. Zamani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa. Siku hizi wengi hununua rangi za unga. Kwa taa nilimwomba asitie rangi nyingi: mwanga ukipita kwenye ukindu mweupe unakuwa wa asali, ukipita kwenye zambarau unakuwa hauna jina. Mstari mmoja mwekundu karibu na mdomo unatosha, na ujue mwekundu ndio utakaopauka kwanza.

Kawa lililoshonwa kwa kukaza, kama la chakula, linamwaga mwanga chini tu na pembeni kunabaki giza. Kwa meza ya kulia ni sawasawa. Kwa baraza nilimwomba aache nafasi ya kama unene wa kidole kidogo baada ya kila mizunguko mitatu, aishike kwa mishono ya kuvuka. Hapo mwanga ulitoka kwa pete, pete juu ya pete, mpaka darini. Alisema hajawahi kushona kawa “lenye madirisha”, akacheka, lakini la pili lilikuwa zuri kuliko la kwanza.

Alinitajia Sh 7,000 kwa moja. Nilimlipa Sh 8,000, na nadhani bado ni kidogo ukihesabu kuchana, kuchemsha na kushona, kazi anayoifanya akitoka shamba. Nakuomba usiende kwa msukaji ukaanza na nusu ya bei kama unavyofanya kwenye mtumba. Taa ya plastiki ya dukani nilitajiwa Sh 15,000 bila kubishana, nikaona wanunuzi wengine wanatoa. Ukindu ulioshonwa kwa mkono, kwa kipimo chako, ni karibu nusu ya hiyo, na kawa la jikoni kwa mama yangu limefunika chakula tangu nikiwa shule ya msingi.

Hesabu ya mwisho ikawa hivi: vifaa vya taa sita Sh 50,400, makawa manne Sh 32,000, kifuu kimoja Sh 2,000, mpira wa uzi pamoja na ndugu zake wawili waliokufa Sh 20,100. Sh 104,500, nikaongeza Sh 4,500 za mfukoni. Ningeanza kwa bibi, na taa zote sita zikawa makawa, ingekuwa Sh 98,400, na ningelala mapema.

Bwana harusi kwao ni visiwa vya delta, na wiki iliyofuata wakwe walitaka makawa mawili yawake huko. Hapo hesabu yote inageuka. Mto wetu huu wa Rufiji unazungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Lakini ukishapanda boti Nyamisati ukaingia kwenye mikondo, nyumba nyingi unazozipita zinawaka kwa sola. Globu ya LUKU haifai huko. Kinachofaa ni taa za utepe za volti 12, zile zinazobandikwa kwenye bodaboda na saluni, zinauzwa roli la mita tano na hukatwa kwa mkasi penye alama.

Usifunge roli zima. Ule utepe wa kawaida wa diodi 60 kwa mita unakula wati 4.8 kwa mita, kwa hiyo mita tano ni wati 24. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina takribani wati-saa 84, na ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu yake. Roli zima litaimaliza hiyo nusu kabla saa mbili hazijaisha. Mita moja, iliyozungushwa ndani ya kawa kwenye kipande cha mwanzi, inawaka zaidi ya saa nane, yaani kuanzia magharibi hadi wageni wa mwisho wameondoka. Mita hiyo nilipimiwa kwa Sh 2,500, waya mita mbili Sh 1,600, swichi Sh 1,000, fyuzi ya ampea 2 na kasha lake Sh 1,000. Sh 6,100, chini ya taa ya umeme wa gridi. Betri na paneli nimezichukulia kuwa zipo, kwa simu na redio. Kununua betri mpya kwa ajili ya urembo sikushauri.

Fyuzi ikae karibu na betri, kwenye waya wa chanya, hata kama fundi atakuambia volti 12 haziumi. Haziumi mtu, ila betri ikigusana waya kwa waya inatoa moto wa kutosha kuchoma paa la makuti. Utepe huo usichomekwe kamwe kwenye plagi ya ukutani bila adapta yake. Na kwa chumvi ya huko, yale mafuta ya mgando yaliyobaki kwenye kazi ya baluni yapake kwenye maungio yote, kutu itachelewa.

Ukienda kuagiza lako, beba pete ya holda mkononi, usimweleze msukaji kwa maneno. Mdomo wa kawa la mezani uwe shibiri mbili, kimo shibiri moja na nusu, ili globu ikae mbali na ukindu kwa upana wa kiganja. Fundo la waya lifungwe ndani ya holda, uzito usivute maungio. Agiza wiki tatu kabla, wakati wa mpunga agiza mapema zaidi maana wote wako shamba. Na mpe nusu ya fedha siku hiyohiyo, ndiyo ya kununulia ukindu.